Mche Mama na Jani Pana: Maelezo kwa Wakulima wa Tumbaku

Ukiona mche mmoja umetanua majani kuliko wenzake, usikimbilie kuufunga kitambaa cha alama ya mche mama, yaani mche wa kutoa mbegu. Tazama kwanza mche huo umesimama wapi. Mche wa pembezoni mwa shamba, au uliobahatika kuota penye samadi, umepata mwanga na chakula cha ziada. Upana huo hautarithiwa. Wa kuaminika ni ule wa katikati ya tuta, uliobanwa na wenzake pande zote na bado ukawazidi.

Tena, mche wa mbegu hauondolewi ua. Jirani zake huondolewa, na jambo hilo peke yake hutanua majani yao ya juu. Kwa hiyo linganisha miche yote kabla ya kukata maua, tena kwa jani la nafasi ileile.

Tumbaku hujichavusha yenyewe, ila nyuki nao hupita. Vika kichwa cha maua mfuko wa karatasi, baada ya kung'oa yaliyokwisha kufunguka. Anayetaka kuchanganya aina mbili atafute ua lililoanza kuwa la waridi nchani lakini bado limefumba. Lipasue kwa kibano, toa vijiti vyote vitano vya chavua, kisha paka chavua ya baba na ulifunike. Kijiti kimoja kikipasuka humo ndani, kazi imeharibika. Mvuta sigara anawe kwa sabuni kwanza: virusi vya batobato hubebwa na sigara, na jani lenye batobato hujikunja.

Mbegu ni vumbi tupu. Gramu moja ina zaidi ya 10,000. Chotara wa kizazi cha kwanza hufanana wote. Kizazi cha pili ndicho hutawanyika, wapana kwa wembamba, na hapo uchaguzi huanza. Mbegu kutulia huchukua vizazi sita hivi, ndiyo maana kazi hii huachiwa vituo vya utafiti wa tumbaku kama TORITA, Tabora. Mkulima anayetunza mbegu ya chotara atavuna shamba la mchanganyiko.

Kwa tumbaku ya mvuke, upana usikupofushe. Jani kubwa mara nyingi huja na mshipa mnene wa kati, na mshipa ndio wa mwisho kukauka banini. Kuni zinaendelea kuteketea kwa ajili yake wakati sehemu nyingine ya jani imekauka zamani. Unapochagua mche mama, vunja jani moja uutazame mshipa huo.