Tutunze Jokofu la Chanjo: Somo la Matengenezo ya Kila Mwaka

Katika somo la robo hii tunazialika kamati za parokia zenye zahanati kutazama chombo kimoja ambacho husahaulika mpaka siku kinapoharibika, nacho ni jokofu la kutunzia chanjo. Wafadhili wengi wamesaidia kununua majokofu haya. Tunapenda wao pia wafuatilie somo hili, maana kununua ni mwanzo tu wa safari.

Kwa nini tujali?

Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto +2 na +8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo hupoteza nguvu kidogo kidogo. Nyingine, kama zile za pepopunda na homa ya ini ya aina ya B, huharibika zikiganda. Ubaya ni kwamba chupa iliyoharibika inaweza kuonekana sawa kabisa na chupa nzima. Mama anatembea mwendo mrefu, mtoto anachomwa sindano, kadi inajazwa, lakini mtoto anarudi nyumbani bila kinga. Hakuna atakayejua mpaka ugonjwa uingie kijijini.

Jokofu linafanyaje kazi?

Wengi husema jokofu linatengeneza baridi. Kwa kweli jokofu ni pampu ya joto: linachota joto lililo ndani na kulitoa nje. Ndani ya mabomba yake kuna gesi maalumu. Kompresa huisukuma na kuikandamiza, nayo hupata joto. Ikipita kwenye mabomba ya nje, mara nyingi yale ya nyuma, hutoa joto hilo hewani na kuwa kimiminika. Kisha hupita kwenye tundu dogo, shinikizo hushuka, nayo hugeuka tena kuwa gesi huku ikifyonza joto la ndani ya jokofu. Katika nchi za baridi watu hutumia mtambo wa namna hii kupasha nyumba zao joto, kwa kulichota nje na kuliingiza ndani.

Tukielewa hivyo, tunaelewa pia sababu ya kila kazi ya matengenezo. Vumbi kwenye mabomba ya nje huzuia joto kutoka. Barafu nene ndani huzuia joto kuchotwa. Mpira wa mlango uliochakaa hurudisha joto ndani. Katika hali zote tatu kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi, hula umeme mwingi na kuchakaa mapema.

Kazi za kila mwaka

1. Hamisha chanjo kwanza. Muuguzi aziweke kwenye kasha baridi lenye vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka, pamoja na kipimajoto. Kazi ikitarajiwa kuchukua muda mrefu, zipelekwe kituo cha jirani kwa makubaliano na mratibu wa chanjo wa wilaya.

2. Zima jokofu na uache barafu iyeyuke yenyewe. Usikwangue kwa kisu, kwani tundu moja kwenye bomba humaliza gesi yote. Barafu ikizidi nusu sentimita, iyeyushwe bila kungoja mwaka uishe.

3. Safisha ndani kwa maji na sabuni laini, kisha kausha vizuri.

4. Pima mpira wa mlango. Bana karatasi kwenye mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira unahitaji kubadilishwa.

5. Ondoa vumbi kwenye mabomba ya nje kwa brashi laini. Hakikisha jokofu limesimama sawa na halikugandamizwa ukutani.

6. Kwa jokofu la sola, osha paneli asubuhi zikiwa bado baridi. Kata matawi yanayozitia kivuli, kwa maana hata kivuli cha sehemu ndogo hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Kagua nyaya kama zimelegea au zimetafunwa na panya.

7. Kama kuna betri za maji, fundi akague kiwango na kuongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima. Asafishe pia vichwa vya betri.

8. Gesi na umeme ni kazi ya fundi majokofu aliyesomea. Gesi isiachiwe hewani. Baadhi ya gesi hizi hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza matumizi yake. Gesi nyingine hushika moto.

9. Washa jokofu na usubiri. Chanjo zirudishwe tu baada ya kipimajoto kutulia kati ya +2 na +8.

Nani afanye nini?

Muuguzi husoma kipimajoto mara mbili kwa siku na kuandika, hata siku za sikukuu. Kamati huchagua mwezi wa matengenezo, humtafuta fundi mapema, na hutunza daftari lenye tarehe, kazi iliyofanyika na kifaa kilichobadilishwa. Fedha za fundi na vipuri zitengwe kila mwaka katika bajeti ya zahanati, zisingojee mchango wa dharura. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wafadhili, tunaomba kila msaada wa jokofu uambatane na swali hili: nani atalitunza mwaka wa tatu na wa tano? Mpira wa mlango hauna sherehe ya uzinduzi wala picha ya kupendeza, lakini unaweza kuokoa chanjo za kijiji kizima.

Maswali ya kujadili katika kamati

• Jokofu letu lilikaguliwa na fundi lini mara ya mwisho? Daftari linasemaje?
• Likizimika usiku wa leo, chanjo zitapelekwa wapi, na nani ana ufunguo?
• Je, bajeti ya mwaka huu ina fungu la matengenezo? Kama halipo, tutalipata wapi kabla ya mkutano ujao?