Nyumba ya Urithi, Mkaaji Mmoja: Kodi Ni ya Nani?

Swali: Baba alituachia nyumba Dar es Salaam. Hati ina majina yetu watatu, ila ninayeishi humo ni mimi peke yangu. Kaka na dada wanasema kodi zote ni juu yangu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Kodi ya ardhi hufuata hati, wala serikali haiulizi nani analala ndani. Mkichelewa, deni ni lenu nyote, na likiachwa muda mrefu hata miliki yaweza kufutwa.

Kinachowachanganya wengi ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayekatwa ni anayenunua umeme, basi. Hiyo ni njia ya kukusanya tu. Mzigo ni wa wamiliki.

Hata hivyo, nduguzo wana hoja moja nzito: unakaa bila kulipa pango. Mimi naona ni haki ubebe kodi ya majengo, ya ardhi mchangiane kwa mafungu yenu. Andikeni makubaliano hayo, mtie saini mbele ya shahidi, nawe tunza kila risiti.