Likizo ya Pwani na Watoto Wadogo: Vituo Vichache, Siku za Kutosha

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR imeisogeza bahari karibu na watu wa bara. Familia inayopanda Dodoma asubuhi na mapema huweza kula chakula cha mchana Dar es Salaam, na kesho yake ikavuka kwenda Unguja kwa boti iendayo kasi, safari ya kama saa mbili. Wakenya walitangulia: treni ya Nairobi hadi Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na sasa anayeshukia Miritini akielekea Diani ana barabara ya Dongo Kundu inayomwepusha na foleni ya kivuko cha Likoni.

Wepesi huo una mtego. Kwa kuwa kila mahali panafikika, wazazi hutaka kufika kila mahali. Usiku mmoja Dar, mchana mmoja Bagamoyo, usiku mmoja Mji Mkongwe, kisha Nungwi, Paje, Changuu na mashamba ya viungo, yote ndani ya wiki moja. Kwenye karatasi ratiba hiyo inavutia. Mtoto wa miaka miwili anaiona vingine kabisa: kila asubuhi chumba kigeni, kila mchana usingizi wa kwenye gari, kila jioni chakula asichokizoea kinacholetwa saa mbili usiku wakati yeye ameshachoka kulia. Siku ya nne anakataa kula, na safari iliyomeza akiba ya mwaka inageuka kuwa kazi.

Ratiba isiyobana

Kwa likizo ya usiku kumi na watoto wadogo, vituo vitatu vinatosha, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha kukaa kwelikweli. Mpangilio unaofaa ni huu: usiku mbili Dar es Salaam, usiku mbili Mji Mkongwe, tano ufukweni, na mmoja wa mwisho Dar kabla ya treni ya kurudi. Usiku huo wa mwisho si anasa. Upepo mkali ukitangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, boti huweza kuchelewa au kuahirishwa, na aliyepanga treni ya jioni ileile hupoteza tiketi.

Siku ya kuhama ihesabiwe kuwa imeshatumika. Mtoto akishaamshwa mapema, akapangishwa foleni bandarini, akavuka maji na kusubiri gari upande wa pili, siku yake imekwisha hata kama jua bado liko juu. Kumpeleka bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, jioni hiyohiyo ni kumwonea. Forodhani ipo hata kesho.

Jijini Dar, stesheni ya SGR na gati la boti zote ziko katikati ya jiji. Familia inayopita tu kuelekea Unguja haina haja ya kulala Mbezi au Kigamboni na kupambana na msongamano wa magari mara mbili. Chumba cha kawaida karibu na Posta au Kariakoo kinaokoa saa nyingi za watoto. Watu wazima wabebe vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya sanduku.

Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kwa watembea kwa miguu, ila vichochoro vyake leo vina pikipiki nyingi. Kigari cha mtoto hukwama kwenye vizingiti na mawe. Mbeleko ya kanga inafanya kazi vizuri zaidi. Asubuhi moja inatosha kwa Changuu, kisiwa kilicho karibu kwa boti ndogo, ambako kobe wakubwa kutoka Shelisheli wamekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Watoto huwapenda mno kwa sababu wanatembea polepole na wanafikika. Mzazi asimamie vidole tu, kwani kobe aking'ata hatofautishi jani na kidole.

Njia ya kutoka mjini kwenda Jambiani au Paje inapita Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, makazi ya kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar. Hapo ndipo pa kuvunjia safari. Kuna njia ya mbao juu ya mikoko ambayo mtoto wa miaka minne anaitembea mwenyewe, kima wanaonekana karibu na barabara, na gari linaendelea na safari watoto wakiwa wameshanyoosha miguu. Kuwalisha au kuwagusa kima ni marufuku, hata wakija wenyewe.

Kuyajua maji

Wengi huchagua ufukwe kwa picha. Picha haisemi saa ngapi maji yanakuwapo.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, maji yakitoka hurudi nyuma mamia ya mita hadi kwenye mwamba. Yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kutoka huweza kufika mita nne. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo sana. Wavuvi na wakulima wa mwani hawahitaji kitabu kujua haya, wanahesabu siku za mwezi. Mzazi naye anaweza. Katika siku za bamvua hapa Unguja, maji hutoka kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: maji yamejaa asubuhi.

Kwa familia hii ni habari njema. Siku za bamvua, asubuhi Jambiani huwa uwanja mkubwa wa mchanga wenye vidimbwi vya maji ya vuguvugu yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Kaa wanakimbia, samaki wadogo wamenasa kwenye vidimbwi, na wanawake wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizoshikiliwa na vijiti, kilimo kilichoanza hapo mwaka 1989. Mtoto akichuchumaa kando ya kidimbwi kimoja anaweza kumaliza nusu saa. Avae viatu vya raba, maana kwenye mawe kuna wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia mguuni. Asivute wala kukanyaga kamba za mwani. Ile ni riziki ya mtu. Na kabla maji hayajaanza kurudi, wote wawe wamekaribia nchi kavu, kwa sababu hujaza haraka mifereji iliyo nyuma ya mtembeaji.

Anayetaka watoto waogelee saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayarudi mbali kiasi hicho. Huko kuna watu wengi zaidi na kelele za usiku, kwa hiyo nyumba ya wageni iliyo mbali kidogo na kumbi za muziki ndiyo ya kutafuta.

Majira nayo yaangaliwe. Likizo ndefu za shule za Tanzania huangukia Juni na Desemba. Juni masika yamekwisha na joto limepungua, lakini kusi linavuma na mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka. Mtoto anayetapika garini apewe chakula chepesi na kuketi chini, katikati ya boti. Desemba kusi limetulia, joto ni kali, na mvua za vuli huenda zikawa hazijamalizika.

Jambo moja halina mjadala: boya la kuokolea lenye ukubwa wa mtoto, katika kila chombo. Kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012 kuliacha misiba katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na bara. Mwenye boti ndogo ya matembezi asipokuwa na maboya ya watoto, familia isipande. Nahodha mwema haudhiki kuulizwa.

Ufukweni na kwenye bwawa la hoteli, mtu mzima mmoja awe zamu, simu ikiwa mfukoni, umbali wa kunyoosha mkono tu kutoka kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, hapigi kelele. Maringi ya kupulizwa ni ya kuchezea, hayaokoi.

Chumba, chakula na dawa

Kabla ya kulipa, mwenye nyumba ya wageni aulizwe mambo machache: chandarua kipo na hakina matundu? Bwawa lina uzio? Kuna jokofu na jiko la kuchemshia uji? Hospitali ipo umbali gani? Kwa aliye Jambiani iliyo karibu ni ya Makunduchi, kwa aliye Nungwi ni ya Kivunge, na mjini ipo Mnazi Mmoja.

Chakula cha pwani huwafaa watoto: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, ndizi mbivu, mikate ya kumimina, madafu. Urojo uagizwe bila pilipili. Chakula kiliwe kikiwa moto, na maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni watoto wakae kivulini au wavae kofia na mikono mirefu; mtoto wa chini ya miezi sita asiachwe juani kabisa.

Mkoba wa dawa hauhitaji kuwa mzito. Kipimajoto, dawa ya homa ya watoto, plasta, dawa ya kufukuza mbu, na pakiti kadhaa za ORS. Mtoto akiharisha, ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja, anyweshwe kidogo kidogo, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Akiwa mlegevu, macho yamezama au hakojoi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Zanzibar imepunguza malaria kwa kiwango kikubwa, lakini safari hii inapita pia Dar es Salaam, na watoto waliokulia nyanda za juu hawana kinga ya kutosha. Dalili mara nyingi hujitokeza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati familia imesharudi nyumbani na mabegi yamesharudishwa kabatini. Mtoto akipata homa katika wiki zinazofuata, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na mwambieni mhudumu kuwa alikuwa pwani.