Usisuke Nywele Wiki Hiyo

Mdogo wangu wa Kibwezi, mwaka wa pili sasa unavaa sweta ya mikono mirefu kwenye jua lile, na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba umerogwa. Hebu njoo uketi hapa karibu nami.

Magamba meupe juu ya viwiko, magoti na kichwani, kingo zake dhahiri, kucha nazo zina vijishimo kama zimedungwa sindano: mimi nashuku soriasisi. Kinga ya mwili huihimiza ngozi ijitengeneze kwa siku chache badala ya mwezi hivi. Haiambukizi. Mpakate mtoto wako, kula sahani moja na dada zako.

Kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu hutudanganya. Picha nyingi vitabuni ni za wekundu, ilhali kwetu mabaka huwa ya zambarau au kijivu, na ndiyo maana umepewa dawa ya mashilingi mara tatu. Halafu ile krimu ya kuchanganyiwa dukani! Ngozi ilitulia wiki mbili, ulipoacha ikarudi kwa hasira, na hilo linanifanya nidhani ilikuwa na steroidi. Tembe na sindano zake ndizo zinazonitia hofu zaidi: zikikatizwa ghafla, mwili mzima unaweza kufura vipele vya usaha.

Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Wote au Kitui mjini, uombe kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Huenda akawa afisa wa kliniki, usimdharau. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo ambacho tangu 1992 kinawafunza kazi hii maafisa wa nchi nyingi za Afrika. Atakukwangua kidogo kutafuta kuvu, pengine akate kinyama kipimwe. Akikuomba upime virusi vya ukimwi usikasirike, kwa kuwa huweza kuichochea soriasisi. Mtajie kila dawa unayokunywa, na vidole vinavyokaza asubuhi pia, kwani soriasisi huweza kuharibu viungo.

Ukiandikiwa methotreksati, nakusihi: humezwa mara moja kwa wiki. Waliokosea wakaimeza kila siku, wengine wamekufa. Una mimba au unaitafuta? Sema kabla hujaanza.

Kuing'oa kabisa bado haiwezekani, ila kuituliza miezi na miaka kunawezekana. Siku ya kliniki usijipake chochote, vaa blauzi ya mikono mifupi, na wiki hiyo usisuke nywele, ili akuangalie hadi utosini.