Kinu cha Mawe ya Chokaa

Uwanda wetu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, una mashamba mengi yenye udongo mchachu, yaani wenye asidi. Mvua huiosha chokaa ya asili na kuipeleka chini, mavuno huondoka nayo, na baadhi ya mbolea za chumvichumvi, kama urea, huongeza uchachu. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini ya udongo huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi, tena fosforasi hushikwa isiufikie mmea. Hapo mzazi hununua mbolea kwa fedha nyingi asione faida yake.

Dawa ni mawe ya chokaa, kama yale ya Songwe karibu na Mbeya. Lakini sharti yasagwe. Chukua kipande cha mchemraba chenye pande za sentimeta 1. Eneo lake la nje ni sentimeta za mraba 6. Ukikikata viwe vipande vya milimeta 1, utapata vipande 1,000, na eneo lote litakuwa sentimeta za mraba 60. Asidi hukutana na jiwe usoni tu. Kwa hiyo unga hufanya kazi upesi kuliko kokoto.

Katika chama chetu cha sayansi tuliunda kinu cha mkono chenye mataya mawili ya chuma. Taya moja limesimama; jingine husukumwa na gurudumu zito. Juu pana nafasi kubwa ya kutilia mawe, chini ni nyembamba. Kokoto zitokazo tulizitwanga kwa mchi wa chuma, tukachekecha kwa wavu wa waya wa dirishani.

Kisha tulijaribu. Tulimwagia siki kokoto na unga wa uzito sawa: unga ulitoa povu mara moja, kokoto zikatoa mapovu machache. Tuliweka udongo wa shamba katika makopo matatu: moja bila chokaa, la pili kokoto, la tatu unga. Baada ya majuma sita karatasi ya pH ilionyesha uchachu umepungua zaidi katika kopo la unga.

Hata hivyo, hekta moja huweza kuhitaji tani 1 hadi 3 za chokaa. Mikono yetu, kwa kutwa nzima, ilitosheleza bustani tu. Kinu chetu kimethibitisha njia. Kazi ya shamba yataka injini, na injini yataka wanakijiji kuchanga pamoja.

Wazazi wetu, pimeni udongo kwanza, maana chokaa ikizidi huleta hasara. Ichanganyeni na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Mnapozika nyasi katika matuta ya ntumba, inyunyizeni papo hapo. Anayesaga afunike pua na mdomo, akinge na macho. Mbolea mnayonunua kwa jasho itafika kwenye mahindi, isibaki kifungoni udongoni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne