Mgeni wa Siku ya Tatu

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja tu kwa watu wawili ambao lugha nyingine huwatenga. Shangazi uliyemwalika kwenye sherehe ya Komunyo ya kwanza ya mwanao ni mgeni wako. Mtu usiyemjua, aliyeshuka kwenye basi jioni na furushi lake begani akiuliza njia, naye ni mgeni. Waingereza wana jina moja kwa huyu na jina jingine kwa yule. Sisi twawaita wote kwa jina moja. Kiyunani, lugha ambayo Injili iliandikwa kwayo, chafanana nasi katika jambo hili: neno lake "xenos" humaanisha mtu wa kuja, na pia humaanisha yule aliyekwisha kupokewa nyumbani. Ndilo neno lililomo katika sura ya 25 ya Injili ya Mtakatifu Mateo, pale Bwana wetu anapotaja mambo tutakayoulizwa siku ya hukumu. Sisemi kwamba wazee wetu walikaa barazani wakaamua neno liwe hivyo. Lakini latuhukumu kila tulitamkapo, maana tumejifunza kuwatenga moyoni watu ambao ulimi wetu wawaunganisha.

Nitaanza na kosa la nyumba yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja kupanga chumba katika nyumba ya jirani, hatua kama thelathini kutoka mlango wetu. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili, na matamshi yake yalionyesha kwamba ametoka mbali. Tulikuwa tukimwona bombani asubuhi. Tulikuwa tukimwona hata kanisani, kwenye benchi la nyuma. Tulisalimiana, yakaishia hapo. Jina lake hatukulijua. Usiku mmoja mtoto wake alishikwa na degedege. Yule mama alimfunga mgongoni kwa kanga, akaenda naye kwa miguu gizani mpaka zahanati, mwendo wa karibu saa nzima, akipita mbele ya milango minne ya familia za Kikatoliki. Mlango mmoja ulikuwa wetu, na uani mwetu pikipiki ilikuwa imesimama, ina mafuta. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Habari tuliipata siku ya pili kwa muuza maandazi. Mke wangu alipomwuliza kwa nini hakutugongea, alijibu kwa adabu, bila kinyongo cho chote, kwamba hakupenda kuwasumbua watu asiowajua.

Jibu lile lilinikosesha usingizi. Hatukumfukuza mtu, wala hatukusema neno baya. Tulikuwa tumedhani tu kwamba ukarimu huanza pale mgeni anapopiga hodi, na kwa kuwa hakupiga hodi, tulijiona hatuna deni.

Maandiko Matakatifu hayafundishi hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Abrahamu amekaa mlangoni pa hema yake huko Mamre wakati wa jua kali, saa ambayo kila mtu mwenye akili hutafuta kivuli na kunyamaza. Awaona watu watatu. Hawajasema neno. Mzee yule, mwenye miaka karibu mia, ainuka na kukimbia kuwalaki, awasihi wasipite. Awaahidi kipande cha mkate, kisha awaletea ndama laini, siagi na maziwa. Na Sara akanda vipimo vitatu vya unga, ambavyo si kidogo hata kidogo. Mtakatifu Paulo naye, anapowaagiza Warumi juu ya ukarimu katika sura ya 12, atumia kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kufuatia jambo kwa mbio, kama mwindaji afuatavyo nyama. Ukarimu wa Mkristo, basi, una miguu. Waenda kumtafuta mtu bombani, kwenye benchi la nyuma, katika chumba cha kupanga.

Hapa msomaji mmoja atanijibu kwa methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitaja methali hii mwaka 1962 katika andiko lake juu ya ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya kale hakuna aliyekula jasho la wenzake. Lakini siku hizi wengi huishika kama fimbo ya kumfukuzia mgeni. Yafaa tuisikilize tena polepole. Jembe halina kazi bila shamba. Anayempa mgeni jembe amekwisha kumwonyesha mahali pa kulima. Amemwonyesha mpaka, na jirani wa upande wa pili wa mpaka. Naye atazamia kumwona wakati wa mavuno. Asiyemtaka mgeni hampi jembe, humpa nauli.

Wakristo wa kwanza walikuwa na kanuni iliyo karibu sana na methali yetu. Kipo kijitabu cha kale kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kwa muda mrefu hakikuonekana, mpaka Askofu Philotheos Bryennios alipokigundua huko Konstantinopoli mwaka 1873. Akakichapisha mwaka 1883. Sura yake ya 12 yaagiza kwamba msafiri asaidiwe kadiri iwezekanavyo, naye akae siku mbili, au tatu ikiwa lazima. Akitaka kufanya makao na ana ufundi, afanye kazi ale. Na kama hana ufundi? Hapo ndipo penye utamu: Wakristo wa mahali hapo wameagizwa watumie busara yao, waone jinsi atakavyoishi kati yao pasipo uvivu. Mzigo wa kufikiri umewekwa juu ya wenyeji. Siku ya tatu haikuwa mwisho wa ukarimu kwao. Ilikuwa siku ambayo ukarimu ulianza kuwa kazi.

Nchi yetu iliwahi kufanya jambo hilo kwa upana ambao watoto wetu wa shule wapaswa kuujua. Mwaka 1972 maelfu na maelfu ya Warundi waliyakimbia mauaji ya kwao. Walipewa ardhi katika misitu ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wa kundi lile na wazao wao wamekubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Tangu 1972 mpaka 2014 ni miaka 42. Siku ya tatu ilichelewa kukucha, lakini ilikucha. Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Mwezi wa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Na mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliamriwa kurudi kwao, wengi wao bila hiari. Waliokaa mikoa ile wajua jinsi kuni, maji na mashamba yalivyokuwa yamekwisha, wala sitaki kuwahukumu nikiwa mbali. Nataja tu kwamba ukarimu wa taifa huchoka kama uchokavyo ule wa mtu mmoja, na kwamba nyumba zetu zisiitegemee serikali iwe na moyo badala yao.

Udhuru huu ni wa zamani. Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyefanywa askofu wa Konstantinopoli mwaka 398, aliusikia kwa waumini wake. Kanisa lilikuwa na nyumba ya kupokelea wageni na fedha za kuwatunzia. Matajiri wakasema, basi sisi tuna haja gani? Katika mahubiri yake juu ya Matendo ya Mitume aliwauliza kama wangeacha pia kusali kwa kuwa mapadre wasali. Kisha akawataka kila mmoja atenge nyumbani mwake chumba cha mgeni, chenye kitanda, meza na taa, kiitwe chumba cha Kristo. Najua nani atacheka hapa: mtu wa watoto sita na vyumba viwili vya kupanga. Lakini Krisostomo hakudai jumba. Mkeka uliokunjwa nyuma ya kabati, ambao watoto wajua kwamba ni wa mgeni na hauchezewi, watosha kuwa chumba cha Kristo.

Mtakatifu Benedikto naye, ambaye Kanuni yake yafuatwa hata leo na wamonaki wa Peramiho, misioni iliyoanzishwa mwaka 1898, na wa Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, aliagiza kwamba mlangoni awekwe mzee mwenye busara, na kwamba mtu akibisha, mzee huyo aitike kwa kumshukuru Mungu. Atushukuruye Mungu kwa hodi ni nani kati yetu? Wengi husema kwanza moyoni, "Ni nani tena huyu?" Tena aliagiza uangalifu mkubwa zaidi kwa maskini na mahujaji, maana tajiri, alisema, hujipatia heshima kwa kule kuogopwa tu.

Lipo jambo ambalo waume hawapendi kulisikia. Baba husema "karibu chakula" kwa sauti kubwa barazani, na jikoni mama apima unga kwa macho. Ukarimu wa namna hiyo ni sadaka ya mtu mwingine. Abrahamu mwenyewe alikimbia zizini akachagua ndama. Basi baba naye ateke maji, awashe moto, akubali kula kidogo. Na kwa habari ya hatari, sisemi tufumbe macho. Kama hujui atokako mtu, mjulishe mwenyekiti wa mtaa, wala usimlaze chumbani mwa binti zako. Ila tusiifanye busara kuwa jina jipya la uchoyo. Na jirani Mwislamu akialikwa Krismasi, mwombe mmoja wao achinje, ili wote wale bila mashaka. Watu wetu wengi walifanya hivyo bila kufundishwa na gazeti.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu twapenda kuuliza: fulani mbona haji kusali? Twaandika jina lake. Tena siku ya msiba twamkumbusha kwamba hakuwa na ushirikiano. Ni mara ngapi tumeuliza kama kuna mtu aliyewahi kwenda kumwambia jumuiya yakutana wapi, siku gani, nyumba ya nani? Yule mama wa degedege alikaa miezi mitano kati yetu bila kuambiwa.

Siku ya tatu baada ya usiku ule, mimi na mke wangu tulikwenda kwake na unga kidogo na ndizi, na aibu yetu. Tulipiga hodi sisi. Alikuwa na kigoda kimoja. Akampa mke wangu. Mimi akanitandikia kanga juu ya ndoo iliyofunikwa, yeye akakaa sakafuni na mtoto mapajani, akamtuma kijana wa jirani dukani kuleta soda mbili kwa deni. Nilitaka kumzuia. Mke wangu akanikanyaga mguu, tukanywa.