Tani Tano za Tela Si Tani Tano za Mzigo

Msimu wa mavuno ukiwadia, tela la trekta ndilo linalounganisha shamba na ghala. Hubeba mahindi asubuhi, mchanga mchana na maji jioni, na mara nyingi mwenye tela hutumia kipimo kimoja kwa vyote hivyo: likijaa, limetosha. Kipimo hicho ndicho kinachovunja springi, kupasua matairi na kulipindua tela mteremkoni, huku dereva akiapa kwamba hakuzidisha chochote. Kwa jinsi alivyoelezwa, husema kweli. Aliambiwa tela ni la tani tano, naye akapakia tani tano.

Kosa limo katika maana ya namba hiyo. Kwa kawaida, namba kubwa iliyopigwa kwenye kibao cha chuma kilichofungwa na kiwanda katika fremu ni uzito wa juu wa jumla, yaani tela lenyewe pamoja na kila kilichomo ndani yake. Vibao vingine hutaja pia uzito wa mzigo peke yake. Kwa hiyo maneno yaliyo kando ya namba yasomwe kwa makini kama namba yenyewe. Uwezo halisi wa kubeba hupatikana kwa kuchukua uzito wa juu wa jumla na kutoa uzito wa tela likiwa tupu.

Chukulia tela ambalo kibao chake kinaruhusu jumla ya kilo 5,000. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na kilo 1,300. Baadaye mwenyewe akaongeza kuta za mbao, vyuma vya kuzishikilia na tairi la akiba, likafikia kilo 1,550. Mzigo unaoruhusiwa si kilo 5,000 tena, wala si 3,700 kama hesabu ya kiwanda ingeonyesha. Ni kilo 3,450, sawa na magunia 34 ya kilo 100 kila moja. Aliyepakia magunia 50 kwa kuamini neno “tani tano” amelifikisha tela kwenye kilo 6,550.

Hapo bado lumbesa haijaingia katika hesabu. Sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa kwa zaidi ya kilo 100, lakini gunia lililoshonewa kilemba juu huvuka kiwango hicho bila shida. Magunia 34 yenye kilo 130 kila moja yana kilo 4,420, na tela lililodhaniwa kupakiwa kwa uangalifu linaondoka likiwa na ziada ya kilo 970. Lumbesa imezoeleka kulaaniwa kwa kumpunja mkulima, na ni haki ilaaniwe. Inayosahaulika ni kwamba humdanganya pia dereva, kwa kuwa yeye huhesabu magunia, hahesabu kilo.

Mzigo usiofungwa katika magunia una hila yake. Bodi yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.8 na kina cha mita 0.5 ina ujazo wa mita za ujazo 2.7. Ikijazwa mahindi yaliyopukuchuliwa, hubeba karibu tani mbili. Ikijazwa mchanga mkavu, huzidi tani nne. Mchanga ukilowa mvua, hukaribia au hupita tani tano. Bodi ni ile ile na kimo cha mzigo ni kile kile, ila tela la mfano wetu lingestahimili mahindi tu. Maji ni rahisi kukokotoa, kwani lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 2,000 ni tani mbili kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Hata hivyo, tangi lililojaa nusu lisidhaniwe kuwa salama kwa wepesi wake: maji huyumba ndani yake, na katika kona huusukuma uzito wote upande mmoja.

Nchini Marekani, nyumba za kuvutwa na magari ambazo familia husafiri nazo hubandikwa tangazo linalotaja uzito wa mizigo usiopaswa kuzidishwa, na hata uzito wa maji ya matangi yakijaa. Mnunuzi hupewa jibu la hesabu kabla hajaanza safari. Mnunuzi wa tela lililochomelewa gereji hupewa neno la fundi, na mara nyingi hakuna kibao kabisa. Katika hali hiyo, sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua: fremu, ekseli, springi, kiungo cha kuvutia au tairi.

Tairi hasa lichunguzwe. Ubavuni mwake kuna namba ya uwezo wa kubeba, ambayo si kilo bali ni alama ya jedwali. Namba 121, kwa mfano, ina maana ya kilo 1,450 kwa tairi moja lililojazwa upepo unaotakiwa. Tela la ekseli moja lenye matairi mawili ya aina hiyo lina uwezo wa kilo 2,900 tu chini yake, hata kama kibao kinasema 5,000. Ukitoa kilo 1,550 za tela tupu, hubaki kilo 1,350, yaani magunia 13, pamoja na ziada ndogo inayobebwa na kiungo cha trekta. Matairi yaliyotolewa kwenye gari dogo na kufungwa kwenye tela huwa na uwezo mdogo zaidi ya huo.

Mahali mzigo unapokaa nako kuna uzito wake. Tela la ekseli moja likilemewa nyuma, huinua kiungo na kuyapunguzia mshiko magurudumu makubwa ya trekta, ambayo ndiyo yanayovuta na kufunga breki. Likilemewa mno mbele, hugandamiza kiungo, magurudumu ya mbele ya trekta yakawa mepesi na usukani ukakosa utii, hasa katika mwinuko. Mzigo mzito ukae chini na karibu na ekseli, ukielemea mbele kidogo. Matela mengi ya shambani hayana breki zake, hivyo mteremkoni trekta husimamisha vyote viwili. Wapakiaji wanaokaa juu ya magunia nao ni uzito, tena uliowekwa mahali pa hatari kuliko pote.

Barabara nayo huhesabu. Katika barabara kuu za kikanda, sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, huweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na tani 56 kwa gari zima. Barabara za udongo zinazohudumiwa na TARURA hazina mizani kila kona, lakini hazisamehe. Majaribio yaliyofanyika katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa makadirio hayo, tela letu la kilo 6,550 huiumiza barabara karibu mara tatu kuliko lingekuwa na kilo 5,000. Kalvati linalopasuka Mei ndilo linalokosekana mvua za masika zijazo, mgonjwa anapohitaji kupitishwa.

Mwenye tela aanze kwa kulipima likiwa tupu, limefunguliwa kwenye trekta, likiwa na kuta, tairi la akiba, kamba na turubai lake, katika mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Namba itakayopatikana, pamoja na kilo za mzigo zinazobaki, ziandikwe kwa rangi ubavuni mwa tela ambapo mpakiaji atazisoma. Kuta zikiinuliwa au matairi yakibadilishwa, tela lirudishwe kwenye mizani na maandishi ya zamani yafutwe.